Majina ya Mikorosho

Jumatatu, 2 Septemba

Tangu ulimi uumbwe hajazaliwa mtu wa kuutumia kunizidi mimi. Mimi Agapiti nikimshauri mbuzi aache kula mihogo ya watu, anaacha, halafu anakwenda kwa mwenye shamba kuomba radhi. Nachingwea nzima ilinishindwa. Nilipofeli Kidato cha Pili kule kwetu Nambambo, mama alisema sasa basi, nenda Ruangwa kwa mjomba wako Selestini, mkashindane kuongea. Nikaja, nikarudia darasa, nikavuka kwa kusuguasugua, na leo niko Cha Tatu nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wa Hesabu.

Leo Madam Magreti, mwalimu wetu wa ushauri nasaha, kaniita ofisini. Nilijua ni viboko. Kumbe sivyo.

"Agapiti," akasema, "huo mdomo nimeshindwa kuufunga. Ngoja niutumie."

Kanifanya mshauri rika. Kazi yenyewe iko hivi. Mwanafunzi mwenye shida, iwe ya kuchagua chuo, iwe ya njaa, iwe ya moyo, anakwenda kwa Madam au anakuja kwangu. Shida inayoweza kuwasaidia na wengine, Madam anaiandika upya: anatoa jina, anatoa kijiji, msichana anamgeuza mvulana, mkulima anamgeuza mvuvi. Jumatatu asubuhi mimi naisoma mstarini mbele ya shule nzima, kisha yeye anatoa ushauri. Anaita kisa bila jina. Sharti ni moja tu, kinachosomwa ni kile kilichoandikwa. Mengine yote yanabaki masikioni.

Kaniagiza pia niandike shajara mpaka shule ifungwe, halafu ataisoma. Basi Madam, ukifika hapa, shikamoo.

Jumatano, 4 Septemba

Jua kali. Mikorosho ya nyuma ya jiko la shule imeshika. Hakuna aliyeniletea shida. Watu wa shule hii wazima mno.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimezaliwa leo, zile siku nyingine nilikuwa nafanya mazoezi.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha mwanafunzi anayetaka urubani wakati Fizikia kaiacha na Hesabu haimtambui. Madam alikiandika kwa upole. Mimi nikakisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira ndege inapopaa, na nikashuka nayo taratibu ilipogundua rubani hajui kugawanya. Watu walilia kwa kucheka. Kisha Madam akasimama akasema kwamba hata ndege inaharibika, na anayeitengeneza hashiki usukani, anashika spana, na ufundi upo wa kusomea. Mwenye kisa alikuwa nyuma kabisa na yeye anacheka, wala hakuna aliyemjua. Mimi namjua. Sisemi.

Sasa wananiita Redio. Hata wapishi.

Ijumaa, 13 Septemba

Wanne wamekuja. Mmoja anauliza kama kuna chuo cha kusomea ukocha. Mmoja halali usingizi. Wawili wamekuja kuniangalia tu.

Jumatatu, 16 Septemba

Kisa cha leo sikukichekesha. Madam alinitazama kabla, nikaelewa.

Korosho zinakaribia, na wazazi wa Chinongwe na Nambilanje wanahamia mashambani kulala huko huko. Watoto wao waliopanga mageto hapa mjini wanabaki na chumvi na kibiriti. Kisa kilikuwa cha mmoja anayekunywa maji mengi saa nne ili tumbo lisipige kelele darasani. Nilisoma kama ilivyoandikwa. Shule ilinyamaza mpaka nikasikia mwiko wa jikoni. Mchana Mkuu wa Shule akatangaza kwamba uji wa saa nne unarudi.

Kwa hiyo nimelisha shule. Hilo liandikwe.

Baada ya mstari, Mwanaima wa Cha Nne akanipita akasema, "Redio, betri zako zikiisha tutajuaje?"

"Mimi natumia jua, dada."

Akacheka. Huwa hacheki ovyo huyo.

Ijumaa, 20 Septemba

Leo naandika sana, mjomba Selestini asinisumbue na habari za kuchota maji.

Mwanaima ni wa Nambilanje, kapanga chumba na mwenzake Zaina karibu na soko. Biolojia anawafundisha wenzake hata mwalimu akiwepo. Anataka uuguzi, na siyo kutaka kama tunavyotaka sisi, leo uuguzi kesho ujeshi. Zaina akishikwa na malaria, Mwanaima anampima joto kila baada ya muda na kuandika ukutani kwa chaki. Chaguo lake la kwanza ni chuo cha afya. Madam anasema akifanya mtihani wa Novemba kama anavyofanya majaribio, atachaguliwa akiwa amelala.

Nilikuwa bombani nafua soksi. Akaja na ndoo, akaitua.

"Redio, wewe mshauri kweli au kelele tu?"

"Dada yangu, mimi nimeshashauri mpaka walimu."

"Basi kaa. Ukicheka nakumwagia hii ndoo."

Nikakaa. Akasema alikwenda nyumbani, na mjomba wake, mzee Swalehe, kamwambia mtihani akaufanye, ila asifaulu.

"Asifaulu kivipi?"

"Niandike ovyo. Kasema nikifaulu nikapangiwa chuo na nisiende, mtendaji atauliza, walimu watauliza, kijiji kizima kitauliza. Nikifeli hakuna wa kuuliza. Nitarudi kimya nimwangalie bibi."

Kwetu huku neno la mjomba ndilo neno. Baba yake aliulizwa akasema, mwulizeni mjomba wake, akaendelea na chai. Mama yake alishafariki. Bibi haoni na miguu imekataa. Kaka yake mkubwa alisomeshwa chuo Dar kwa mavuno ya shamba lile lile, na hajarudi hata kwenye mazishi ya mama yao. Mzee Swalehe alisema shamba lile limeshatoa msomi mmoja, na msomi mwenyewe ni yule.

"Sasa kwenye karatasi ya Kemia ukaandike nini?" nikamwuliza.

Hapo akaanza kucheka yeye mwenye ndoo. "Nilimwuliza hivyo hivyo! Kasema, hata majina ya mikorosho yetu andika."

Bibi yake, enzi za macho yake, aliupa kila mkorosho jina. Kuna Mke Mdogo, unaozaa kabla ya yote. Kuna Bwana Shamba, uliopandwa na bwana shamba mwenyewe na ndio pekee uliotoka nje ya mstari. Kuna Asiyelipa, kila mwaka unatoa maua ya kujaza macho na korosho za kujaza kofia tu. Mpaka leo bibi akiwa amelala anauliza, Mke Mdogo ameanza? Asiyelipa je? Na lazima ajibiwe mmoja mmoja.

"Umemjibuje mjomba?"

"Nimemjibu ndiyo, mjomba. Na nitafaulu. Majina ya waliochaguliwa yakitoka nitapiga magoti. Mjomba si mtu mbaya, Aga. Hasira yake ni ya msimu. Korosho zikishauzwa, atalainika."

Aliniita Aga. Nilisahau soksi.

Akasema nimpelekee Madam kisa hicho, na Madam akitaka kisomwe, kisomwe, maana si yeye peke yake aliyeambiwa hivyo mwaka huu. "Ila mikorosho iacheni. Hiyo ni ya bibi."

Nikaapa. Niliweka mkono kifuani kama mchezaji wakati wa wimbo wa taifa.

Jumatatu, 23 Septemba

Kisa cha tahasusi na ualimu. Kawaida. Joto.

Ijumaa, 27 Septemba

Madam kaandika. Mwanaima amekuwa mvulana, mtoto wa wafugaji, na mjomba amekuwa baba mdogo. Mikorosho haimo. Jumatatu Madam atakuwa kwenye semina Lindi, kwa hiyo nitasoma peke yangu na ushauri nitausoma mimi pia.

"Ukiongeza neno," akasema, "nitaukata huo ulimi nikauuze mnadani."

"Hakuna mwenye fedha ya kuununua, Madam."

Jumatatu, 30 Septemba

Leo nimeua! Aliyekosa mstari wa leo ajutie mpaka uzee.

Mwanzo palikuwa pabaya, nakiri. Mtoto wa wafugaji, baba mdogo, ng'ombe, nani hapa anajua ng'ombe? Cha Kwanza wanajikuna miguu, Cha Nne wananong'ona mambo ya mtihani. Nilipofika pale anapoambiwa aandike ovyo, jamaa mmoja akapiga miayo. Redio haipigiwi miayo. Nikatia chumvi kidogo.

"Akaambiwa, aandike majina ya mikorosho! Swali la kwanza, Mke Mdogo! Swali la pili, Bwana Shamba! Swali la tatu, eleza kwa mifano, Asiyelipa!"

Shule ilianguka. Mwalimu wa zamu alijifunika uso kwa rejista. Mpishi alitoka na mwiko. Mpaka jioni watu wananiita Asiyelipa barabarani, na ushauri nao niliusoma wote, hakuna aliyelala tena.

Ndiyo, yale majina. Lakini kila nyumba huku ina mikorosho, nani atajua ni ya nani? Mwanaima alikuwa mstari wa mbele wa Cha Nne, ila upepo ulikuwa umeinua vumbi, sikuona sura za watu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Habibu wa Cha Pili kanifuata akitafuna muwa. Huyu naye wa Nambilanje, shamba lao limepakana na la kina Mwanaima.

"Oya, Redio. Asiyelipa si mkorosho wa kwa mzee Swalehe? Mimi nilishaanguka kutoka humo, kovu hili hapa."

"Mikorosho inafanana majina kama watu, mwanangu."

"Na Mke Mdogo je? Na Bwana Shamba?"

"Nenda kasome, una mtihani wa Cha Pili."

Mwanaima kanipita bombani. Nikamwambia, dada, ulisikia nilivyotamba? Hakugeuka. Mtihani unawachanganya hawa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Madam karudi.

"Nasikia wiki iliyopita mlicheka sana."

"Nilisoma kama ulivyoandika, Madam."

"Nilichoandika hakikuwa na kichekesho."

"Ni sauti yangu tu."

Alinitazama mpaka nikaangalia dirisha. Kisha akasema kuna watoto wengine wa Cha Nne wamemjia kimya kimya kwamba na wao wameambiwa waandike ovyo, na ameshaanza kuwaita wazazi mmoja mmoja, bila kelele. Kisa kimefanya kazi, akasema.

Umeona? Kimefanya kazi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Niko Nambambo kuokota. Korosho zinaanguka usiku na mchana, mgongo unauma, mikono inanuka mabibo. Mama kaniuliza shuleni nasomea nini hasa. Nikasema ushauri. Akasema basi mshauri jongoo aache kula mbegu zangu.

Habibu naye kaenda kwao Nambilanje.

Alhamisi, 17 Oktoba

Saa ya mapumziko alishuka mzee kwenye pikipiki, kofia safi, shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, viatu ameshika mkononi, akavivaa pale getini. Mimi ndiye niliyempokea. Nikamwamkia, akaitikia vizuri.

"Mwanangu, ofisi ya Mkuu ni ipi?"

"Mzee, umefika kwa mwenyeji. Unamtafuta nani, nikuitie?"

"Mimi Swalehe, wa Nambilanje. Nimemfuata mtoto wangu Mwanaima."

Nilimpeleka. Miguu yangu ilikwenda, sijui nani aliituma. Halafu nikachukua ufagio nikasimama chini ya dirisha, nafagia pale pale palipo safi.

Alipewa kiti. Madam akaitwa, Mwanaima akaitwa. Mzee hakupaza sauti hata mara moja. Ningependa angepaza.

"Sikuja kugombana, walimu," alisema. "Nimekuja kumchukua mtoto akamwangalie bibi yake. Korosho zinaanguka, mgonjwa yuko peke yake."

"Mzee wangu," Madam akasema, "mtihani ni mwezi ujao. Mwache afanye, halafu tukae tuzungumze. Huyu mtoto ni muuguzi tayari, bado cheti tu. Atamtibu huyo huyo bibi."

"Najua ana akili. Mimi ndiye niliyemnunulia kalamu ya kwanza."

"Basi tatizo nini?"

Nilichungulia. Mzee alivua kofia akaivaa tena.

"Mwalimu, mtu ana siku zake za hasira. Mimi nilimwambia mtoto neno la hasira, jioni, nimechoka, mama ananiita kule ndani. Nilisema aandike ovyo. Neno lile lingekufa lenyewe. Mimi najijua. Tungeuza, tungekaa, angepiga magoti, ningesema haya nenda. Sasa limesomwa mbele ya watoto wa watu kama tangazo la mnada. Nimekwenda msikitini, kijana ananiuliza, mzee, Asiyelipa wamemfaulisha? Nimekwenda kupima korosho zangu, karani ananiuliza, swali la tatu ni lipi? Nikimwachia leo, watasema Swalehe kashurutishwa na redio ya shule. Siwezi."



"Na yale majina," akasema. "Yale kayatoa mama yangu. Hana macho. Hana kitu kingine."

Mkuu akamgeukia Madam. "Mwalimu Magreti, hivi visa vyako nilikwambia tangu mwanzo. Nani aliandika haya?"

Ufagio ulisimama.

"Niliandika mimi," Madam akasema. "Kisa ni changu na kosa ni langu. Naomba mtoto asiadhibiwe kwa kosa langu."

 Mwanaima alitoka na mjomba wake, sanduku lilifuata baadaye kwa Habibu. Alipanda pikipiki akiwa kati, amekumbatia begi la madaftari. Alinipita karibu kiasi cha kunigusa. Sikusema kitu. Mimi, Redio.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hakuna kisa. Mkuu kafuta. Tumeimba wimbo wa taifa tukaingia darasani.

Alhamisi, 24 Oktoba

Joto la kukausha mate. Watu bado wananiita Asiyelipa. Nimemwambia Habibu kwamba mdomo wake ndio umemponza Mwanaima. Akasema, "Mimi nilisema kijijini ulichosema wewe mstarini." Nikampiga kofi. Nimefagia uwanja mzima kwa adhabu.

Jumamosi, 2 Novemba

Madam kasema twende Nambilanje. Mimi na yeye na dereva, mshikaki kwenye pikipiki moja, mimi mwishoni karibu nianguke kila tuta. Njiani kaniuliza kitu kimoja tu, "Agapiti, una la kuniambia kabla hatujafika?" Nikamwambia, vumbi Madam, sikusikii. Hakurudia.

Tulimkuta Mwanaima anaanika korosho kwenye turubai. Mikono myeusi kwa mafuta ya maganda, kumbe usiku anabangua pia. Alimwamkia Madam, akamletea kiti. Mimi aliniletea kinu nikalie.

Mzee Swalehe alitupokea kama wageni wa harusi. Ugali, kisamvu, kuku. Madam alikula kidogo akaanza. Aliomba kwa kila namna. Alisema atampangia Mwanaima chumba nyumbani kwake wakati wa mtihani. Alisema atamtafuta mtu wa kumpikia bibi. Alisema namba yake ya mtihani ipo, kiti kipo, ni yeye tu anayengojwa. Mzee alisikiliza yote na kichwa chini.

"Mwalimu, ungekuja wewe kabla ya Redio," akasema, "tusingefika hapa. Nisamehe. Neno likishatoka hadharani linakuwa la watu."

Mara sauti ikatoka ndani, nyembamba, ya Kimwera nusu na Kiswahili nusu. Bibi anauliza wageni ni nani. Mwanaima akamjibu, walimu. Bibi akauliza kama na yule kijana anayeijua mikorosho yake yupo. Maana hata yeye alikuwa ameambiwa kwamba mikorosho yake imesomwa shuleni, na yeye peke yake katika kijiji kizima alifurahi.

Nikaitwa ndani. Palinuka moshi na dawa ya kuchua. Akanishika mkono, akaupapasa.

"Niambie wewe msomi. Huyu Mwanaima ananidanganya ili nilale. Asiyelipa ametoa?"

Nina majibu ya kila kitu mimi. Nikageukia mlango.

"Ametoa, bibi," Mwanaima akasema mlangoni. "Mwaka huu ametoa kweli."

Tulipokuwa tunaondoka nilimsogelea pale turubaini. Nikamwambia, Mwanaima, njoo tu siku ya mtihani, ukimbie, nitakuja na pikipiki nikuchukue. Aliendelea kugeuza korosho.

"Na bibi nimwache na nani? Nimpe redio?"

Nikasema sikukusudia. Hapo ndipo aliponitazama. Alinitazama muda mrefu, kama anasubiri niseme jambo lingine, jambo ambalo sote wawili tunalijua. Sikulisema. Akainamia korosho zake.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtihani wa Cha Nne umeanza. Nilikaa nje ya uzio. Zaina anasema kiti kipo, namba imebandikwa kwenye meza, na msimamizi aliita jina mara mbili.

Jumanne, 12 Novemba

Namba bado ipo.

Jumatano, 13 Novemba

Leo Biolojia.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemsaidia Zaina kuhama chumba, kodi ya peke yake haiwezi. Ukutani bado kuna chaki ya Mwanaima, joto la Zaina la asubuhi, la mchana, la jioni, na chini kaandika, "kala uji, anatukana, amepona." Mwenye nyumba alikuja na kitambaa akafuta ili apangishe.

Mjomba Selestini kaniuliza jioni mbona siku hizi siongei. Nikamwambia betri. Akacheka yeye.

Ijumaa, 29 Novemba

Cha Nne wamemaliza. Wameimba, wamerushiana unga. Mvua ya kwanza imenyesha mchana, kubwa, watu wanakimbia na maturubai. Nambilanje nako imenyesha, Habibu anasema waliokuwa wameanika wamelowa. Kina Mwanaima waliwahi kuingiza zao. Yeye alikuwa macho.

Jumanne, 3 Desemba

Mkuu kanifanya kiranja wa taaluma. Kasema nina sauti.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule inafungwa leo. Chumba cha ushauri kimewekwa majembe na ndoo za rangi. Madam Magreti karudishwa kufundisha Uraia tu, na watoto wale wa Cha Nne aliokuwa anawasemea kwa wazazi, hakuna tena wa kuwasemea. Sijui wangapi waliandika ovyo. Matokeo yatasema, na hakuna atakayeuliza.

Pamoja na yote, asubuhi kasimama mlangoni kwa Cha Tatu akasema, "Agapiti, shajara." Kama vile kazi bado ipo. Nimemwomba mpaka mchana.

Nimekaa nyuma ya jiko, nimeisoma yote tangu mwanzo. Ina mengi. Joto, miayo, sauti yangu, Habibu na mdomo wake, mzee Swalehe na heshima yake. Madam, hayo yote unaweza kuyaamini, na hakuna hata moja kati ya hayo lililoharibu. Kwamba niliongeza majina, hilo ulishalijua siku uliposema mbele ya Mkuu kwamba uliandika wewe. Ulinipa nafasi ya kusema mle ofisini, ukanipa tena juu ya pikipiki. Mwanaima akanipa ya tatu pale kwenye turubai.

Fungua tarehe thelathini Septemba, mwisho wake. Niliandika kwamba upepo ulikuwa umeinua vumbi na sikuona sura za watu.

Hakukuwa na upepo. Bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti. Mwanaima alisimama mbele pale, ningenyoosha mkono ningempa chaki. Niliposema Mke Mdogo alinitazama, akatikisa kichwa, mara moja, polepole, hakukasirika hata, kama mtu anayemwambia mdogo wake asiguse sufuria. Nilimwona vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Jina moja tu lilikuwa limetoka, na jina moja lisingemfikisha mtu Nambilanje.

Lakini shule ilikuwa inacheka. Nikasema Bwana Shamba. Nikangoja kicheko kitulie, ili lisikike vizuri, nikasema Asiyelipa.